Kisu Nilichokataa Kukirithi

Harufu ya mwanzi uliokatwa sasa hivi siichanganyi na nyingine yoyote. Ina ubichi wa majani, na kwa mbali utamu wa ulanzi, ile pombe ya mwanzi, unaoanza kuchachuka. Juzi jirani yangu hapa Ilomba, Mbeya, alikuwa akikata mianzi ya uzio, upepo ukaniletea harufu hiyo jikoni, nikasimama kama nimeitwa, na maharage yakaungua. Msinicheke. Nilikuwa nimeshafika kwetu Mufindi, natembea nyuma ya mgongo wa baba.

Kwetu ni karibu na Nyololo. Miaka ile ya sabini tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi paredi, lakini mianzi haikuhamishwa. Ilibaki bondeni, kwenye mahame yetu, na baba aliifuata huko msimu mzima wa mvua. Mwanzi wa ulanzi unadeka. Unakatwa ncha ungali mchanga, unafungiwa mbeta, yaani kile kikombe cha mwanzi cha kukingia maji yake, kisha kila asubuhi na kila jioni unakatwa tena kipande chembamba kama karatasi. Ukiusahau, unaziba, na hautoi tena mpaka mwaka mwingine.

Kazi hiyo baba aliifanya kwa kisu kimoja tu, kisu cha kukunja chenye mpini wa pembe. Babu alikipata Chunya, alikokwenda ujanani kuchimba dhahabu. Dhahabu hakuiona, akarudi na kisu, na bibi hakuchoka kumkumbusha jambo hilo mpaka uzeeni. Kwa kisu hicho babu alimchongea baba mbeta yake ya kwanza, na baba akanichongea mimi yangu. Hakumwazima mtu. Hakuruhusu kiguse chumvi wala kitunguu, maana ulanzi hushika harufu upesi. Na kila alipokinoa kwenye jiwe alitusimulia jinsi alivyokipata: asubuhi moja babu alimwita, akamwekea kiganjani, akamwambia, "Kuanzia leo ni cha kwako." Kabla jua halijazama, babu akafariki.

Basi mwaka mmoja, katikati ya msimu, tumbo likamshika baba vibaya. Ikaamuliwa apelekwe hospitali ya Tosamaganga akapasuliwe. Tulimsindikiza barabarani kungoja basi, yeye amejikunja juu ya mkeka, watu wazima wakimwambia ni jambo dogo, atarudi tu, huku kila mmoja akitazama pembeni. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Akaniita, akaingiza mkono mfukoni.

"Ade, shika. Kuanzia leo ni cha kwako."

Maneno yalikuwa yaleyale. Basi likaja, wakampakia, likaondoka kuelekea Iringa, nami nimebaki na kisu mkononi kikiwa bado na joto la mfuko wake.

Njiani kurudi nyumbani nilipiga hesabu yangu ya kitoto. Baba alikipokea kisu, babu akafa. Nikikifungua mimi na kugemea, nitakuwa nimekubali. Nisipokifungua hakijawa changu, na baba hatakuwa na ruhusa ya kufa. Nikakiviringisha kwenye kipande cha kanga, nikakifukia ndani ya mahindi kwenye kihenge. Mianzi nikaiendea na kisu cha mama cha jikoni.

Kisu chenyewe kilikuwa butu, nami nilikata kama nachanja kuni. Sikujua hata kukisafisha. Siku chache baadaye jirani yetu Baba Vitalisi, ambaye alikuwa haachi kupitia kwetu jioni, alipiga funda moja akakunja uso.

"Mama Ade, siku hizi ulanzi wenu mnauunga na kitunguu?"

Mama akanigeukia. "Ade, kisu cha baba yako kiko wapi?"

"Kipo. Lakini si changu. Mwenyewe atarudi." Nikaangua kilio mbele ya mgeni.

Nilitegemea kuchapwa. Badala yake mama akachukua kile kisu cha jikoni, akakisugua kwa majivu, akakinoa mwenyewe kwenye jiwe la baba, akanirudishia. "Basi endelea na hiki," alisema. Na tangu siku hiyo mboga zetu zikapikwa bila kitunguu. Mimi niliona ni chapwa tu, nikanung'unika.

Baba alirudi mianzi ikiwa imeanza kukauka. Alishushwa na lori barabarani, amekonda, suruali ameifunga kamba, lakini anatembea. Hata "Kamwene", salamu yetu, sikumwambia. Nilikimbilia kihengeni, nikafukua mahindi yakamwagika kila mahali, nikamletea kisu. Akakifungua kwa shida. Makali yake yalikuwa yameshika kutu.

"Hukukitumia?"

"Sikukitumia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hukufa."

Alicheka akishika tumbo kwa mikono miwili. "Aaa, usinichekeshe mwanangu, nyuzi zitakatika!" Kisha akageuza uso upande wa ukuta, akamwambia mama jambo kwa sauti ya chini. Mimi sikujali. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetuliwa debe la maji kichwani, nikaenda kucheza.

Baba aligemea kisu hicho miaka mingi baada ya hapo. Nilikuwa nimeshaolewa huku Mbeya, nina watoto, walipokuja yeye na mama kunitembelea, mzee mwenye mvi ila mzima, akaniwekea kiganjani tena. "Shika," akasema. "Safari hii siumwi." Nikakipokea bila woga wowote, na yeye akarudi kwao akaishi, akala mahindi ya misimu mingi.

Siku hiyo, baba alipotoka nje kuota jua, mama ndiye aliyenifungulia mambo. Kule barabarani, tukingoja basi, baba alikuwa ameshamwambia mahali pa kumzika. Ndugu walikuwa wameshakubaliana nani atalima shamba lipi. Mama naye alikuwa ameshakata tamaa, mpaka jioni ile niliyolia mbele ya Baba Vitalisi. "Nikaona aibu," akasema. "Nikaanza kumngoja na mimi." Na baba, siku aliyorudi, akiwa ameugeukia ukuta na kisu chake chenye kutu, alimwambia maneno ambayo mama hakuwahi kuyasahau: "Niliaga watu wote, wakanipa mkono. Kumbe kuna mmoja alikataa."