Kadi ya Maua Isiyo na Jina

"Mwenye duka lako anaolewa," alisema Mama Mkaa, akigonga kopo lake la kupimia kwenye ukingo wa beseni ili vumbi lidondoke. "Ama anaolewa, ama amerukwa na akili. Chagua mwenyewe, shoga."

Mama Kibonge alikuwa amefuata mkaa tu. Alisimama pale, mtoto mgongoni, asijue apokee beseni au apokee habari.

"Nani kakwambia?"

"Niambiwe na nani, na macho ninayo? Jana nimeingia kuomba chenji. Kioo cha kompyuta kimejaa kadi ya harusi. Maua kila kona, pindo la dhahabu, usiseme. Nikainama nisome jina la bwana, hamna. La bibi, hamna. Kadi tupu! Aliponiona akaifunika haraka, kama mtu aliyekutwa anaonja mboga jikoni kwa watu." Mama Mkaa akashusha sauti, ingawa aliyekuwa karibu alikuwa paka peke yake. "Na ujue, mwanamke wa umri ule akiolewa hafuatwi, anafuata. Duka litafungwa lile. Wewe na katoni lako jitayarisheni."

"Mama Mkaa, ungekuwa redio tungemaliza betri zote za mtaa."

"Cheka. Utanikumbuka."

Mama Kibonge alicheka kweli, lakini kicheko kiliishia mlangoni kwake. Alipokuwa akiwasha jiko, neno "katoni" lilimrudia, likamkaa kifuani kama tonge lililokwama.

Katoni lenyewe lilikuwa la karatasi za kuchapia, pana, limetandikwa shuka, nalo lilikaa chini ya meza ya Mapindo, mwenye duka. Ndimo Kibonge alimolala mchana. Ilianza siku moja ya mvua, Mama Kibonge alipokwenda kutoa kopi ya kadi ya kliniki. Mtoto akasinzia akiwa amemshika mama shingo, na mvua haikutaka kusikia la mtu. Mwenye duka akamwaga karatasi zake mezani, akasukuma katoni kwa mguu. "Mlaze hapo. Mtoto aliyelala haamshwi kwa sababu ya mvua." Kesho yake Mama Kibonge akarudi kushukuru, akakuta karatasi zinahitaji kukatwa, akakata. Tangu hapo hakuna aliyemwambia aje, wala hakuna aliyemwambia asije. Chumba chake cha kupanga kilikuwa cha bati, likichomoza jua huwezi kukaa. Baba Kibonge alishinda ghalani akibeba magunia. Pale dukani kulikuwa na feni, na kulikuwa na mtu wa kuongea naye. Tena kulikuwa na kitu cha kujifunza, na yeye aliyeishia darasa la saba alikuwa amekwisha kujiambia kwamba kujifunza ni mambo ya wengine.

Duka lilikuwa chumba chembamba kati ya kinyozi na ngazi za kupanda ghorofani. Kompyuta moja, printa moja iliyokohoa kabla ya kutoa karatasi, na ukuta mzima umebandikwa kazi za nyuma. Jina la mwenye duka watu walikuwa wamelisahau. Walimwita Mapindo, kwa sababu hakuwahi kuacha maneno ya mtu yatoke dukani yakiwa uchi. Tangazo la chumba cha kupanga, ratiba ya mazishi, bei za kunyoa ndevu, yote aliyatilia kisanduku, na kisanduku akakitilia pindo: mistari miwili sambamba, au nukta, au mawimbi, au kona za mviringo zenye kivuli kwa nyuma, hata ukadhani karatasi imeinuka. Wachapaji wengine walichapa, yeye alishona.

Na alikuwa na sheria zake.

"Maneno kwanza, pindo baadaye," alimwambia Mama Kibonge mara nyingi. "Nani anapinda nguo ambayo haijakatwa?"

Au: "Usiyabane. Maneno yakigusana na mstari yanaonekana kama yanaomba msaada dirishani. Yaachie nafasi yavute pumzi."

Sheria ya nanga Mama Kibonge aliijua kwa kuungua. Siku aliyoruhusiwa kugusa kibodi mara ya kwanza, kazi ilikuwa programu ya sherehe ya shule ya chekechea. Akaongeza mstari mmoja tu juu, aweke tarehe. Kile kisanduku kizuri cha katikati, kilichoandikwa MGENI RASMI, kikaruka kikaenda ukurasa wa pili, kikawakalia watoto juu ya nyimbo zao. Hawakuona mpaka karatasi zilipotoka. Mama Kibonge alitaka ardhi ipasuke. Mapindo aliishika karatasi, akaitazama, akaanza kutikisika mabega.

"Mgeni rasmi kakimbia sherehe!" Akacheka mpaka machozi. Kisha akamwonyesha ile alama ndogo ya nanga pembeni ya mstari. "Kisanduku ni mbuzi, mdogo wangu. Usipokifunga kamba, ukisogeza kitu kidogo tu, kinahama. Kifunge mahali pake, halafu ongeza mistari utakayo."

Huyo ndiye mtu ambaye Mama Mkaa alikuwa akimfungia duka kwa maneno.

Basi asubuhi ile, Mama Kibonge alipofika, aliingia kazini moja kwa moja. Alimlaza mtoto kwenye katoni, akachukua mkasi, akakaa kwenye kigoda akikata kadi za benki ya akina mama. Jicho moja kwenye karatasi, jingine kwenye kioo. Na kweli, Mama Mkaa hakusema uongo. Kadi ilikuwepo. Maua kona zote. Mapindo akaliondoa lile pindo la dhahabu, akaweka la kijani. Akaligeuza mawimbi. Akalirudisha la dhahabu. Akapanua kisanduku, akakipunguza, akakitilia kivuli, akakitoa. Ndani hamkuwa na herufi hata moja.

Mama Kibonge alijua mikono ile. Kadi ya harusi ya mtu mwingine ingekwisha kabla chai haijapoa.

Akakumbuka mengine, moja baada ya jingine, mambo aliyoyaona bila kuyatazama. Fundi Funguo, yule mwenye kibanda cha kuchongea funguo ng'ambo ya barabara, mjane mwenye kofia isiyotoka kichwani. Alikuja mara ya kwanza kufungua mlango wa duka, ufunguo ulipovunjikia ndani ya kufuli. Akaona kazi zilizobandikwa ukutani, akaagiza tangazo: FUNGUO ZINACHONGWA HAPA. Mapindo akamwekea mistari miwili. Baada ya muda akarudi, mvua imelichana. Akawekewa nukta. Akarudi tena, jua limelififisha. Akawekewa mawimbi. Mara ya mwisho alisema ni panya.

"Panya gani," Mapindo alimwuliza, akiigeuza ile karatasi, "anakula pindo peke yake, maneno anayaacha?"

"Ana jicho la uzuri, Bi Mapindo. Hata panya anajua kazi nzuri."

Mama Kibonge siku ile alicheka akaendelea kukata karatasi. Sasa, akiwa kwenye kigoda, mkasi ukasimama mkononi. Loh! Kumbe.

Kabla hajajua afanye nini na alichokigundua, mwenyewe akatokea mlangoni. Alivua kofia. Hilo peke yake lilikuwa habari.

"Hodi humu."

"Karibu, fundi," alisema Mapindo, na kadi ikatoweka kwenye kioo, ikaja orodha ya madaftari.

"Panya wamekuja tena?" aliuliza Mama Kibonge, akashangaa mdomo wake mwenyewe.

"Panya wamehama, mama. Wameona hapaliki." Fundi alizungusha kofia mikononi. "Nimekuja kuuliza tu ile kazi yangu, kama imefika wapi."

"Ipo," alisema Mapindo, bila kugeuka. "Natengeneza."

"Sikuharakishi. Kazi nzuri haiharakishwi." Alisimama kidogo, akamtazama mtoto kwenye katoni, akatabasamu. "Ila nakwambia, Bi Mapindo, mtaa huu hakuna mlango ulionishinda. Mmoja tu huu."

"Labda hukubisha vizuri."

"Nimebisha kwa matangazo manne!"

Mapindo akacheka, kicheko kile cha mabega, na fundi akavaa kofia yake akavuka barabara, anatembea kama mtu aliyelipwa. Lakini alipokwisha kuondoka, kicheko kikaisha, kadi ikarudi kwenye kioo, na pindo likaanza tena: dhahabu, kijani, dhahabu.

Mama Kibonge aliweka mkasi chini. Swali lilikuwa moja tu na jibu lake lingeweza kumrudisha chini ya bati. Lakini hakuweza kumwona mtu yule akihangaika hivyo na yeye akaendelea kuwaza katoni.

"Dada," alisema, "naomba nikuulize kitu. Usinikasirikie."

"Uliza."

"Siku zote wanifundisha maneno kwanza, pindo baadaye. Mbona hii umeanza na pindo?"

Mkono wa Mapindo ukatulia juu ya kipanya. Feni ilizunguka. Kutoka kwa kinyozi zilisikika sauti za watu wakibishana mpira. Mama Kibonge aliona amevuka mpaka, akaanza kutafuta maneno ya kurudia nyuma.

"Kwa sababu maneno siyawezi," alisema Mapindo. Akageuza kiti. "Fundi aliniambia, ukikubali, chapa kadi, ukikataa, nichapie tangazo jingine, nami nitaelewa. Nikamwambia nitachapa. Nikakaa hapa. Nimeandika majina ya watu mpaka vidole vinayajua vyenyewe. Nikifika langu, mkono unakuwa wa mbao."

"Humtaki?"

"Ningekuwa simtaki ningeshamchapia tangazo." Alitabasamu, akaangalia vidole vyake. "Namtaka. Lakini nimezoea, mdogo wangu. Kikombe nikikiweka hapa, jioni nakikuta hapa. Ukiongeza mstari mmoja juu, wewe mwenyewe umeona, kila kitu chini kinasogea."

Mama Kibonge akafikiri. Hakuwa mwepesi wa kujibu, ila alikuwa mtu wa kukumbuka alichofundishwa.

"Si kinasogea kisipofungwa nanga?" alisema. "Ulisema kikishafungwa, mtu aongeze mistari atakayo."

Mapindo alimkazia macho. Kisha mabega yakaanza.

"Ewe mtoto wewe! Unanirudishia mbuzi wangu mwenyewe?"

"Nilimfunga kamba, dada."

Wakacheka wote wawili, hata Kibonge akashtuka ndani ya katoni, akatoa kichwa kama mtu anayeuliza kuna nini. Na kwa kuwa walikuwa wanacheka, Mama Kibonge akapata ujasiri wa kuuliza lililomkwama tangu mkaa wa asubuhi.

"Na duka, dada? Watu wanasema utahama."

"Watu ndio Mama Mkaa?"

Mama Kibonge akajitia kutafuta mkasi, na hilo likawa jibu tosha.

"Nihamie wapi? Mashine zangu hizi, na ukuta wangu huu? Yeye ndiye atakayehamia kwangu, vyombo vyake vyote vinaingia kapu moja. Tena kasema mlango wa nyuma ataupasua dirisha, mtoto apate hewa." Aliangalia chini ya meza. "Katoni halisogei. Hilo nilimwambia mwanzo kabisa, kabla sijamwambia nitachapa."

Mama Kibonge aliinamisha uso, akajifanya anaokota vipande vya karatasi. Vilikuwa vingi kuliko alivyodhani, akachelewa kuinuka.

Alipoinuka, Mapindo alikuwa amesimama. Kiti chake kilikuwa kitupu, kimegeuzwa upande wa Mama Kibonge. Kwenye kioo yale maua yalikuwa yamefutwa yote, dhahabu imefutwa, kivuli kimefutwa. Ulibaki ukurasa mweupe na kijimstari kinachopepesa.

"Kinyozi hajinyoi," alisema Mapindo, akinyoosha mikono. "Nipe huyo mtoto nimshike. Wewe kaa hapa, uniandikie. Anza na jina lake, halafu langu, uyaachie nafasi yavute pumzi. Na nakuomba, mdogo wangu, pindo liwe mstari mmoja tu, mwembamba."