Tuzo ya Kuchukulia Ofisini

Mbuzi dume mmoja, ndoo mbili za mchele, doti mbili za khanga na siku nzima bila kuuza dagaa sokoni Kibirizi: hiyo ndiyo gharama ya tuzo ambayo binti yangu hakupewa.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi wanashuka ufukweni kila kukicha. Binti yangu alikuwa kidato cha nne, dada mkuu wa shule, na darasani hakushikika. Jumamosi alikwenda zahanati kuwatafsiria wauguzi maneno ya wakimbizi, maana Kiha chetu na Kirundi vinasikilizana. Shule ikatuambia ndiye mwanafunzi bora: masomo, tabia, uongozi, kujitolea. Nikahesabu mara mbili, sifa zikabaki nne. Hata sokoni sijapata kuona mzigo usio na kasoro namna ile.

Siku ya mahafali nilikaa mbele, khanga mapajani, tayari kwenda kumfunika mbele ya watu kama wazazi wote. Ilipofika tuzo ya mwanafunzi bora, likaitwa jina la mwingine. Uwanja ukaguna.

Nikamfuata mkuu wa shule nyuma ya turubai.

"Mwalimu, mnabadilisha bei wakati nimeshafungua pochi?"

"Mama, kuna mjumbe wa kamati, kahamia juzi kutoka mbali. Alimkuta binti yako zahanati anaongea na wakimbizi kama ndugu zake. Kasema tuzo ni ya raia."

"Bibi yake kazikwa hapa hapa Simbo! Wewe ukamjibu nini?"

"Nikasema tutahakikisha."

"Yaani mmemsifu kwa kutafsiri, mkamnyima kwa kutafsiri. Hata mimi siuzi fungu moja mara mbili."

Akarudi jukwaani.

Wiki mbili baadaye, mwenyekiti wa mtaa akiwa ameshathibitisha kwamba ni raia, mkuu aliniita ofisini. Cheti kilikuwa mezani, kimefungwa utepe.

"Aje akichukulie hapa hapa, mama, yaishe."

Maisha yangu yote nimeomba kupunguziwa. Siku hiyo nilipunguziwa bila kuomba, nikachukia.

"Mwalimu, mbuzi achana naye, kaliwa na mashangazi. Lakini huko mtaani kwetu Gungu wenzake wanamwita mkimbizi. Jumamosi iliyopita muuguzi alituma mtu kumwita, binti akasema kichwa kinamuuma. Hakikuwa kinamuuma. Walioguna ni uwanja mzima, wewe unataka asafishwe jina chumbani na watu wawili. Haya, nishauri wewe msomi: Jumamosi hii akiitwa tena zahanati, nimwambie nini ili aende?"