Siku Tuliyoingoja Injini Ipoe

Mjukuu wangu wa kike anasoma chuo Mbeya, mwaka wa pili, na tangu mdogo anapenda magari yale yanayolala chini kama kuku anayetaga. Alitaka dogo, jekundu, matairi mapana, lenye kibawa nyuma. Nilimuuliza, "Hicho kibawa kinasaidia nini?"

"Gari likienda mbio kinalikandamiza chini, babu."

"Kwani lisipokandamizwa litaruka?"

Akanicheka. Kwetu babu na mjukuu ni watani, kwa hiyo ananicheka anavyotaka.

Pesa alikuwa nayo, tena ya jasho. Bibi yake alimpa ekari moja na nusu kwetu Kasense, akalima maharage misimu miwili. Wenzake likizo wanajipiga picha, yeye anapalilia. Alivuna, akayaweka ndani mpaka bei ikapanda, akauza. Ndiyo maana niliogopa. Pesa ile ilitosha gari na akiba kidogo tu. Akiuziwa gari lenye injini iliyochoka, akiba hiyo haitoshi vipuri, hana ya kurudi shambani, na jasho la misimu miwili linabaki limeegeshwa uani kuku walalie.

Gari lenyewe alilipata Milanzi, kwa mtumishi mmoja wa serikali, mtu wa Mbeya, amepata uhamisho na hataki kuhama nalo. Kwenye bei alikuwa mgumu. Alisema gari lake halina tatizo, na kitu kisicho na tatizo hakina punguzo.

"Twende wote, babu," mjukuu akasema. "Wewe injini unazijua."

Hilo ni kweli, sioni haya kulisema. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini mashine ya kusaga nimeiendesha miaka mingi kuliko walimu wangu walivyofundisha. Anayeijua Sumbawanga ya mwezi wa sita anaelewa. Asubuhi mafuta yameganda, akina mama wamepanga madebe mlangoni, na wewe unazungusha hendeli mpaka mabega yanalia. Injini husema ukweli mara moja tu kwa siku, asubuhi ikiwa ya baridi. Ikishapata moto, hata iliyo mgonjwa inaimba. Siku moja nilizungusha mpaka mkanda wa suruali ukakatika mbele ya foleni nzima, na msichana mmoja akacheka akakaa chini. Huyo ndiye niliyekuja kumuoa. Lakini naona nimetoka njiani.

Milanzi tulifika saa mbili asubuhi, Jumamosi, upepo unakata masikio. Mwenye gari akatoka na sweta.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, baba. Mmeamkaje?"

"Salama. Gari hilo hapo, liangalieni mpaka mchoke."

Mjukuu akakimbilia usukani. Mimi rangi sikuiangalia. Niliweka kiganja juu ya boneti, kama mzee anayetafuta pa kujishikiza. Boneti ilikuwa ya moto, ungeweza kuanikia ulezi.

"Umetoka safari, baba?"

"Hapana, mzee. Nimewapeleka watoto shule."

"Leo Jumamosi."

"Wana masomo ya ziada."

Kabla hajamaliza, mlango ukafunguka, watoto wake watatu wakatoka na nguo za kulalia, wakaniamkia mmoja mmoja. Nikawaitikia vizuri. Baba yao akageuka kuangalia milima.

Akaliwasha. Liliwaka mara moja, likanguruma kistaarabu, moshi hakuna. Sasa ningefanyaje? Kumwambia mtu uani kwake kwamba anadanganya siyo adabu. Kusema tutarudi kesho hakusaidii, kesho angekuwa amewapeleka watoto kanisani.

"Lizime, baba," nikasema. "Sauti tumeisikia. Kabla ya mambo ya bei, naomba maji ya kunywa."

Kwa watu waliolelewa vizuri, maji hayaji peke yake, yanakuja na kiti. Nikakaa. Nikamuuliza kwao ni upande gani wa Mbeya. Akaniambia. Nikamwambia nilishawahi kufika huko, nikamweleza nilifikaje, na nani aliniazima viatu. Mke wake akaleta chai. Kwenye chai nikawasimulia nilivyoteremka na baiskeli isiyo na breki kwenda Muze, nina mbuzi nimemfunga nyuma. Ule mteremko si wa mchezo. Nilikuwa nabreki kwa kandambili, kandambili ikaisha, nikabreki kwa kichaka. Mbuzi alifika mzima. Mimi nilifika baada yake.

Mwenyeji akacheka mpaka chai ikamwagika. Halafu akakumbuka.

"Sasa mzee, kuhusu gari…"

"Gari hilo linanikumbusha kitu," nikasema, nikaendelea.

Atafanya nini? Mtu wa umri wake hawezi kumkatisha mtu wa umri wangu, tena aliyeshika kikombe chake. Vikaja viazi vitamu, nikala, nikaeleza habari za viazi. Jua likapanda ila upepo haukutulia, na mimi ulikuwa unanifaa. Mjukuu wangu alikaa kibarazani na simu yake. Nikikaribia kuishiwa anainua kichwa: "Babu, hujawaambia ya yule jirani aliyeuza paa la nyumba yake." Nilishangaa. Nyumbani nikianza tu hadithi hukumbuka vyombo havijaoshwa. Nikajisemea, mtoto amekua, sasa anathamini.

Saa saba nikanyanyuka kunyoosha mgongo, nikapita karibu na boneti. Baridi, kama mtungi wa maji.

"Baba, hebu liwashe tena nilisikie. Sisi wazee tunasahau upesi."

Aliniangalia, akaangalia gari, akaniangalia tena. Lakini tulishacheka pamoja asubuhi nzima, angesema hapana kwa mdomo upi? Akaingia. Mara ya kwanza likakohoa. Mara ya pili likakohoa likanyamaza. Mara ya tatu likawaka huku linagonga kama mtu anayedai kodi ya nyumba, na nyuma ukatoka moshi wa bluu, ua mzima ukajaa, kuku wakatimka. Mke wake akatoka mbio kuanua nguo.

"Si nilikuambia, baba watoto? Si nilikuambia useme ukweli?"

Mwenyeji akazima. Akashuka, akanigeukia.

"Mzee, umenikalisha masaa matano."

"Matano na viazi, baba. Viazi nashukuru."

Nikachukua kofia yangu. Kwangu kazi ilikuwa imekwisha, mtoto ameponea chupuchupu. "Twende, mama, tutatafuta lingine."

Mjukuu hakunyanyuka. Alifungua mkoba akatoa karatasi iliyokunjwa, akamkabidhi mwenye gari kwa mikono miwili.

"Hii ni hesabu ya fundi. Ringi za pistoni, gasketi na ufundi wake. Toa hiyo kwenye bei yako, nalichukua leo."

Yule bwana akasoma. "Karatasi ya wiki iliyopita hii. Kwa hiyo ulijua?"

"Fundi niliyekuja naye aliona masizi kwenye bomba la moshi, akaniambia injini inakula oili. Lakini kila nikija unalipasha moto kwanza. Nilikuwa nimekosa ushahidi."

"Na mzee alijua?"

"Hakujua. Nilitafuta mtu wa kutukalisha hapa mpaka lipoe, na Sumbawanga nzima ninaye mmoja tu."

Nilirudi kukaa. Nawaambia ukweli, iliniuma kidogo. Asubuhi yote najiona mjanja, kumbe nimeletwa kama feni. Mke wa mwenyeji alicheka akashika nguzo. Mwenyeji mwenyewe alijikaza, akashindwa.

Hawakukubaliana upesi. Yeye alitaka kupunguza nusu ya hesabu ile, mjukuu anataka yote, wakavutana kama wanunuzi wa ng'ombe. Mwishowe akapunguza yote ya vipuri, ufundi mjukuu alipe mwenyewe. Wakaandikishana, mke akatia saini ya shahidi, tukaliendesha mpaka kwa fundi palepale Milanzi, linatoa moshi, watu wanatupisha njia.

Injini ilifunguliwa, ikafungwa. Pesa ilitosha, ikabaki ya mafuta ya kwenda Mbeya na ya mbegu. Asubuhi aliyoondoka niliamka mapema nikasimama nyuma ya gari, nimejifunika blanketi, jua halijatoka. Akawasha. Likashika mara moja, bombani hakuna kitu.

"Umeridhika, babu?"

"Subiri, lipate moto kwanza."

"Umeanza," akasema, akaingiza gia.

Alipotoka getini kokoto zilikwaruza chini ya gari, maana liko chini mno. Bibi yake akasema barabara ya Kasense italimaliza kabla halijafika lami. Halikumalizika. Jioni akapiga simu kwamba amefika, na kwamba chuoni wenzake wamelizunguka wanalipiga picha. Nikaanza kumweleza habari ya gari la kwanza nililowahi kupanda. Akasema salio linaisha.