Mkono Uliofanya Kazi ya Mawe

Boti ya kwenda kijiji cha Mwamgongo ilikuwa ndiyo kwanza inaiacha bandari ya Kibirizi. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akachota maji ya ndoo yake kwa kikombe, akakiinua hadi usawa wa paji la uso, akayamimina humo humo ndooni. Akachota tena. Ndani walikuwamo vifaranga wa perege, alikuwa anampelekea bintiye awatie bwawani.

Bwana mmoja mwenye suruali ya ofisini, pasi imekaa sawasawa, akashindwa kuvumilia. "Shikamoo mama. Unapoza chai?"

"Marahaba. Nawapa hewa, mwanangu. Kule mtoni maji yanagonga mawe, yanashika hewa, samaki wanapumua. Humu ndooni mawe hakuna. Mawe ni huu mkono."

Tukacheka. Mama akaendelea, hadi mkono ukachoka, akaupumzisha pajani. Haukupita muda vifaranga wakapanda juu, midomo wazi, wakihema. Kicheko kikatuishia.

Yule bwana akanyoosha mkono. "Nipe kikombe, mama."

Akamimina mpaka suruali ikalowa magotini. Mkono wa kulia ulipochoka, akahamia wa kushoto. Vifaranga wakarudi chini mmoja mmoja. Boti ilipogusa mchanga mama akamwambia, "Inatosha, mwanangu, tumefika."

"Subiri kidogo," akajibu bila kuinua macho. "Huyu mdogo bado yuko juu."

Sikumuuliza anafanya kazi ofisi gani, na najuta. Nami nimehema mbele ya madirisha mengi ya ofisi, nikingoja kuhudumiwa; siku moja ningependa nimkute yeye ndiye aliyekaa ndani.