Bukari ya Mchana

Hawa alikula bukari yake, ugali wa mahindi, na samaki ndani ya depo, stoo ya uani, nyuma ya magunia ya makaa, mlango ameurudishia. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, jua la Kolwezi limesimama utosini, na daktari alikuwa amemkataza kabisa kufunga kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Dini yenyewe inamruhusu mgonjwa kula. Hilo alilijua vizuri. Lakini yeye ni mke wa Musafiri mwenye malori, ndiye anayewapikia futari madereva wa njia ya Dilolo. Ugonjwa wenyewe aliuonea haya, sembuse kula.

Laiti angeishia kujificha tu! Siku hiyo alipotoka depo alimkuta Bilkisi, mke wa mwanawe, jikoni anakunywa uji. Hofu ya siri yake ikamtoka kwa sura ya hasira.

"Unakula muchana, weye? Hauna ata haya? Batu batasema nini?"

"Mama, niko na mimba..."

"Sisi tulikuwa tunazala na kufunga!"

Alisema hivyo na vidole bado vinanuka samaki. Bilkisi akaweka kikombe chini, na tangu hapo akafunga. Hawa alimwona akidhoofika, akitembea huku anashika ukuta. Kila adhuhuri alijiambia atamweleza kesho, kisha huyo, anaingia depo.

Ijumaa Bilkisi akaanguka kwenye bomba la maji. Zahanatini muuguzi alisikiliza tumbo lake kwa muda mrefu, Hawa roho mkononi.

"Mutoto iko muzima," alisema mwishowe. "Lakini mama yake lazima akule."

Hawa alilia mpaka kitambaa kikaloa. Alijichukia.

Kesho yake mchana, madereva wakifunga maturubai ya malori, alitandika mkeka katikati ya ua, akamwita Bilkisi, akaweka bukari na sombe ya majani ya mihogo, akajidunga sindano yake ya insulini mkononi mbele ya wote.

"Mi niko na sukari," alisema. "Nakulaka kila siku, mule mu depo. Huyu mutoto nilimugombeza bure."

Akamega tonge, akamnyooshea Bilkisi. Bilkisi hakulipokea mara moja.

"Siku ile nilisikia harufu ya samaki mu mikono yako, mama," alisema polepole. "Nilinyamaza juu ya heshima."

Kisha akanawa, akaketi, akala.