Udi wa Ijumaa na Kazi ya Wekesa

Jamani, hili sijawahi kulisimulia lote, na hata leo nalisimulia uso umeniwiva, kwa hivyo mkitaka kucheka chekeni mapema, maana mbele huko hakuchekeki. Mimi Swabra ndiye niliyemtoa mtu kazini kwa ajili ya chetezo. Ndiyo, chetezo hiki hiki cha kufukizia udi, tena cha udongo, alichoniachia nyanya yangu (Mungu amrehemu, sidhani kama aliyakusudia haya).

Ofisi yetu iko ghorofani, nyuma ya Biashara Street, chumba kimoja kirefu, sisi watu sita na mashine zetu pembeni. Tunatengeneza programu inayoifanya kompyuta moja iwe nyingi: ndani ya mashine moja ya chuma zinakaa mashine kumi za kuigiza, na kila moja hujiona mwenye nyumba. Kila siku saa sita na nusu mchana, watu wakiwa wametoka, programu hujipima yenyewe kwa saa nzima, majaribio yaliyofaulu yanatoka kijani, yaliyofeli yanatoka mekundu, na kazi yangu ni kuyachunguza mekundu na kusema kosa limetoka wapi na ni la nani. Niliipenda kazi hiyo, nisiwafiche, nilijiona kadhi.

Sasa tulipohamia pale palikuwa pananuka rangi, nikaamua kila Ijumaa wanaume wakishateremka kwenda msikitini nifukize udi, wakirudi wakute pananukia. Lakini kiyoyozi kilikuwa kikiuvuta moshi wote, na udi mzuri si wa kuchezea, basi nikawa nakizima. Muda wa sala tu, nikisikia viatu kwenye ngazi nakiwasha tena, wala hakuna aliyejua. Uamuzi wenyewe ulikuwa huo, mdogo hivyo.

Mwezi huo huo Wekesa alikuwa akiiandika upya sehemu inayoziwasha zile mashine za kuigiza. Wekesa ni mtu wa Bungoma, mpole, mchana hula chakula chake pale pale mezani kwake bila kelele, na kazi yake alikuwa akiikabidhi kila Alhamisi jioni. Ijumaa ya kwanza majaribio ya kuwasha yakatoka mekundu: mashine iliyotakiwa kuamka kwa nusu dakika ikaamka kwa dakika mbili. Jumamosi, kijani. Ijumaa ya pili, mekundu tena. (Mnaona? Na mimi niliona, ila niliona vibaya.) Nikafungua kumbukumbu, yale maandishi ambayo mashine hujiandikia kila inachofanya, lakini zamani nilikuwa nimeziamuru zisinionyeshe maonyo ya joto, kwa sababu Mombasa maonyo ya joto ni kama salamu, hayaishi siku nzima. Nikasoma yaliyobaki, na katika yaliyobaki jina lilikuwa moja tu.

Wekesa akaja mezani kwangu akaniuliza taratibu, "Dada Swabra, umeangalia joto la chumba?"

Nikamcheka mbele ya wenzetu. "Kaka Wekesa, joto la Mombasa ndilo hili! Wewe umezoea baridi ya kwenu."

Wakacheka wote. Yeye akatabasamu, akarudi kukaa. Ijumaa ya tatu akaniuliza tena, nikamjibu kwa mkato, maana nilikuwa nayapuliza makaa yangu.

Baada ya Ijumaa ya nne nilikuwa na mchoro mzuri sana, nikautupa ukutani kwa projekta kwenye kikao cha Jumatatu watu wote wauone: Alhamisi Wekesa, Ijumaa mekundu, mara nne. Bwana Feisal, mkubwa wetu, akamgeukia. "Una la kusema, bwana?" Wekesa akanitazama mimi, kisha akatazama meza. "Sina," akasema. Mkataba wake ulikuwa unaisha kesho yake, na haukutiwa saini tena. Siku ya kuondoka nilimpa mkono nikamwambia Mungu atamfungulia mlango mwingine, na nilijiona mwema.

Ijumaa iliyofuata tulikuwa na wageni wanne, watu waliotaka kuinunua programu, na Bwana Feisal alitaka wakitoka sala waje waone kijani kitupu. Kazi ya Wekesa nilishaiondoa yote kwa mikono yangu, nikarudisha ya zamani. Kwa heshima ya wageni nikafukiza udi maradufu, kiyoyozi nikakizima mapema, rimoti nikaitia mkobani nisiipoteze. Wageni wakaingia, na salamu zetu mnazijua, masalkheri, za nyumbani, wazee hawajambo, watoto je, mpaka tumalize nilishasahau kukiwasha.

Ukutani ukatoka mstari mwekundu. Ukafuata wa pili. Ukafuata msururu.

"Huenda kazi ya Wekesa imebaki mahali," nikasema.

"Imebaki wapi?" Bwana Feisal akauliza. "Si wewe mwenyewe uloitoa yote?"

Mgeni mmoja, mama wa makamo, alikuwa akijifuta jasho kwa ncha ya mtandio. "Samahanini, humu mwapumuaje? Mbona muna moto hivi?"

"N'nani alozima AC? Rimoti i wapi?" Bwana Feisal akang'aka.

Watu wakaanza kuitafuta, chini ya makaratasi, nyuma ya viti, na mimi (hapa ndipo ninapotamani ardhi inimeze hadi leo) nikainama chini ya meza nikajifanya naitafuta pia. Simu yangu ikalia mkobani. Kwa kihoro nikaivuta haraka, rimoti ikachomoka nayo, ikaanguka sakafuni pamoja na kijaluba cha udi. Bwana Feisal akaitazama rimoti, akakitazama chetezo kilichokuwa bado kikifuka kando ya mashine, akasema kwa sauti ndogo, "Fungua kumbukumbu zote. Zote, Swabra."

Nikazifungua, mbele ya wageni. Maonyo ya joto yalijaa ukuta. Mashine ilikuwa ikijipunguza mwendo isiungue, Ijumaa hiyo na Ijumaa nne zilizotangulia, saa ile ile. Wageni walishukuru kwa adabu, wakaenda zao, hawajarudi.

Jioni ile nikaenda Tudor, kwenye nyumba aliyopanga Wekesa. Jirani akaniambia wameshahama, yeye na mkewe na watoto. Nikampigia simu pale pale kwenye ngazi, nikamwambia yote, nalia.

"Mimi chetezo nilikiona tangu Ijumaa ya pili," akasema. "Sasa ningesema nini, dada? Mtu wa bara, peke yangu pale, niseme udi wenu unaharibu kazi? Mngesema nimekuja kuwakataza mila zenu. Nikauliza joto. Nilidhani utaelewa."

"Nisamehe, kaka Wekesa."

"Nimekusamehe. Lakini Bwana Feisal akitaka kuniita, mwambie watoto nimeshawaandikisha shule huku kwetu Bungoma."

Bwana Feisal alimwita kweli, na Wekesa hakurudi. Chetezo nimekirudisha nyumbani, Mji wa Kale, kimo kabatini, sijakitia makaa tangu siku ile. Kumbukumbu nazisoma zote, mstari kwa mstari, na sitaficha onyo tena maishani mwangu. Na kila likitoka jekundu, kabla sijasema neno mbele ya watu, namwendea mwenye kazi mezani kwake, navuta kiti, namwuliza, "Mimi naona hivi, wewe waona nini?" Wekesa alikaa hatua tano kutoka kwangu, wiki nne nzima, na sikumwuliza.