Nyufa za Baraza ya Upper Hill

Wacha kunicheka. Unasema mbao haiwezi kuuawa na usafi, eti inauawa na mvua na mchwa basi. Mimi darasani sikukaa, kusoma nilijifunza mwenyewe na magazeti ya kufungia nyama, lakini hii sikuisoma mahali. Niliiona na macho yangu. Baraza nzima niliiua mimi, na brashi, na polishi, na bidii. Halafu nikaelekeza kidole kwa mtu mwingine.

Nyumba ilikuwa Upper Hill, moja ya zile za mbao na mabati zinazosimama juu ya nguzo, mtoto anaweza kutambaa chini yake. Mbele kulikuwa na baraza ya mbao, pana. Mjomba alikuwa mpishi hapo. Ndiye alinitoa kwetu, akanilaza chumba chake, akanilisha miezi minne kabla sijapata kazi, na hajawahi kunikumbusha hata siku moja. Kazi aliyonitafutia ilikuwa hiyo baraza. Kila asubuhi nafagia, namwaga maji, nasugua na brashi, ikikauka napaka polishi, halafu nakanyaga nusu ya nazi yenye nyuzi zake na kuisukuma huku na huku mpaka mbao iwake. Kwa hiyo kazi nilikuwa na kiburi. Ukipita na viatu vya matope tunapigana.

Aliyeijenga ni fundi mmoja Mkamba, mtu mzima, mpole, wa maneno machache. Kila mwaka kabla ya mvua alikuja kupaka mafuta na kukaza misumari. Na kati ya kila mbao na mbao nyingine aliacha nafasi, upana wa msumari. Hiyo nafasi ilinikera kama jiwe kwenye kiatu. Vumbi inaingia, siafu wanatoka, pini za nywele za memsab, yule mzungu mwenye nyumba, zinatumbukia.

"Fundi," nikamwambia, "kwetu sakafu ikiwa na ufa, mwenye nyumba anaitwa mvivu. Mama yangu kila Jumamosi anakanda udongo na mavi ya ng'ombe, anaziba yote. Wewe unaacha nyufa makusudi?"

"Hiyo si ufa. Hiyo ni njia. Usiiguse."

"Njia ya nani?"

"Kijana, nyinyi watu wa huko mkiachiwa mtapaka mavi ya ng'ombe hata Bibilia."

"Na nyinyi mkiachiwa mtachonga hata ugali iwe twiga."

Alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Mimi sikucheka. Alipoenda, nilichukua unga wa mbao alioacha wakati wa kukata, nikauchanganya na polishi kwenye mkebe, nikawa nashindilia kwa kisu, ufa mmoja mmoja. Wiki nzima nilikuwa magotini. Nilipomaliza, baraza ilikuwa kitu kimoja, laini kama sakafu ya mama. Kona moja tu niliacha, nyuma ya mapipa makubwa ya maua, kwa sababu mapipa yalikuwa mazito na mimi nilikuwa nimechoka.

Memsab alitembea juu yake bila viatu. "Kazi mzuri sana," akasema. Mjomba akaniangalia kama amenizaa yeye.

Mvua ndefu ikaja, ikaenda, ikaja ile fupi, ikaenda. Fundi alikuja na mafuta yake kama kawaida, akainama, akapitisha kidole kwenye mbao, akaniuliza nani ameziba. Nikamwambia mwenye macho. Akasema nitoboe zote, leo. Nikamwambia aende akatoboe baraza ya mama yake. Alipaka mafuta, akaenda.

Jumapili moja saa kumi jioni mjomba alitoka jikoni na chai, sinia mikononi, mwendo ule wake wa taratibu. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Hakukuwa na mlio wa kuvunjika. Hiyo ndiyo sisahau. Mbao ilifunguka kimya, kama mkate uliolowa, na mguu wa mjomba ukaingia mpaka paja. Akabaki hapo nusu mtu, sinia bado iko sawa, birika halijamwagika. Aliniangalia. Alisema, "Shika chai." Nikashika chai. Ndipo damu ikaanza kuonekana.

Alishonwa hospitali, akarudi hawezi kukunja goti. Na mimi nikawaka. Fundi aliitwa, memsab akasimama mlangoni, akaniuliza mimi, "Wewe naosha hii kila siku. Nini mbaya?"

Fundi alikuwa amefungua mdomo. Sikumpa nafasi. "Ni mbao," nikasema. "Alileta mbao mbovu. Alitaka kumuua mjomba wangu."

Fundi hakubishana. Aliniuliza swali moja tu, sauti ya chini: "Umeangalia chini yake?"

Alifukuzwa hiyo siku na barua. Hapa Nairobi barua ya tajiri wako wa mwisho ndiyo mtu mwenyewe. Bila hiyo hakuna geti linafunguka, na bila kazi hata kulala mjini ni shida. Alikuja nayo mlango wa jikoni kunitafuta mimi, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nawasomea watu wote wa hiyo barabara barua zao.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea, na nilisoma kwa sauti ya mtu aliyeshinda: fundi huyu anatumia mbao mbovu, asiaminiwe. Akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya kofia, akasema asante. Alisema asante, unasikia?

Kesho yake niliambiwa ning'oe baraza yote iwe kuni. Nikaanza katikati. Mbao zilikuwa juu zinawaka, unaweza kujiona uso, na pembeni na chini nyeusi, laini, kidole kinaingia kama muhogo uliochemka. Kwenye kila mshono ile dawa yangu ya kuziba ilikuwa imeshika maji, ya mvua na yale niliyomwaga mwenyewe kila asubuhi. Hayakuwa na mahali pa kwenda. Nikatukana fundi kwa kila mbao niliyotoa.

Halafu nikasukuma mapipa ya maua.

Kona ile niliyoiacha kwa uvivu ilikataa kung'oka. Misumari ililia. Mbao ilikuwa kavu, nyekundu ndani, nzito, bado inanuka mti. Mbao ileile. Siku ileile aliileta, mkono uleule uliipigilia. Tofauti yake ni kwamba mimi sikuigusa. Niliketi kwenye udongo pale baraza ilipokuwa.

Nilimwambia mjomba kwanza. Alikuwa amelala, mguu juu ya gunia.

"Nyamaza," akasema. "Mtoto wa dada yangu, ukisema tunatoka wote wawili. Na huu mguu utampikia nani?"

Ningemfia mjomba, hata leo. Lakini nilikuwa naona ile kofia. Nikabeba vipande viwili, kibovu na kizima, nikavipeleka kwa memsab. Nikasema yote. Ni mimi, nyufa niliziba mimi, fundi alinikataza mara mbili, tafadhali andika barua nyingine, nifukuze mimi.

Alivishika, akavigeuza. Akacheka kidogo, si kwa ubaya.

"Wewe nahurumia yeye tu. Polishi nalinda mbao, kila mtu najua. Barua mimi nasaini kwisha. Rudi kazi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kufukuzwa, hata kwa polisi. Kwa kicheko hicho sikujiandaa. Nilisema ukweli na ukweli ukarudishwa mkononi mwangu kama kuni. Mjomba alikaa siku tisa bila kunisemesha, na kazi sikupoteza.

Nimemtafuta fundi Kilimani yote na Lavington, geti kwa geti. Askari mmoja wa geti huko Lavington aliniambia ndiyo, alipita mzee na sanduku la vyombo, akatoa karatasi kwenye kofia, bwana akaisoma, akamrudishia. Alikuwa anaitoa mwenyewe, kwa heshima, kila mahali.

Na wewe umekaa hapo getini kwako unaniambia mbao haiuawi na usafi, neno kwa neno kama memsab. Basi kesho akija kwako na hiyo barua, utamfungulia geti?